Mchango wa Oparesheni Bila Pesa ya Mayai

Wasee wa Kitengela, Isinya, Kajiado na kwingineko, leo sina kontenti ya kuchekesha. Nataka tuongee kuhusu mathe zetu, anti zetu na shosh zetu, na sahani iliyo mbele yao wiki chache kabla ya oparesheni.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mwanamke akienda kufanyiwa oparesheni ya kansa ya viungo vya uzazi, chakula anachokula kabla na baada ya oparesheni ni sehemu ya matibabu. Si zawadi ya kumpelekea Jumapili mkienda kumuona wodini. Ni matibabu, kama damu ya kuongezwa na dawa ya kuzuia maambukizi. Na karibu kila mara tunaiacha nje ya hesabu.

Angalia bango la mchango lililopita kwa stetasi yako mwisho. Kuna picha ya mama akitabasamu, namba ya M-Pesa, na chini yake hesabu: oparesheni, vipimo, dawa, damu, usafiri. Sijawahi kuona mstari umeandikwa "mayai, maziwa na omena, wiki 4". Tunachanga laki kadhaa kwa kisu, halafu yule atakayepasuliwa anashinda na chai ya rangi na mkate mkavu akingoja tarehe.

Kabla useme hii ni shida ya watu wachache, sikiza. Makadirio ya shirika la utafiti wa kansa la WHO ya 2020 yanaonyesha kwamba Kenya ilikuwa na wanawake zaidi ya 5,000 wapya wenye kansa ya mlango wa kizazi mwaka huo, na zaidi ya 3,000 walifariki. Piga hesabu, ni karibu wanawake 9 kila siku. Hapo hatujaguza kansa ya ovari, ya mji wa mimba wala ya uke. Si wote hufanyiwa oparesheni, kwa sababu wengi hugunduliwa wamechelewa na hutibiwa kwa mionzi na dawa za kemo. Lakini wanaofanyiwa wapo, na wengine ni majirani zetu hapa hapa Noonkopir na Yukos.

Sasa, kwa nini chakula?

Kidonda hakifungwi na uzi. Uzi unashikilia tu ngozi ili mwili upate nafasi ya kufanya kazi yake. Kazi yenyewe ni kujenga nyama mpya, na nyama hiyo inajengwa kwa protini. Inahitaji pia vitamini C, madini ya zinki, madini ya chuma, na nguvu za kuendesha hiyo kazi yote. Askari wa mwili wanaopigana na vijidudu pia wanatengenezwa kwa protini. Mtu akiingia oparesheni akiwa hana akiba, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe ili kuziba kidonda. Ukikosa hata hiyo, kidonda kinachelewa kufunga, na kidonda kilichochelewa ni mlango uko wazi.

Na oparesheni hizi si za kuondoa jipu. Kwa kansa ya ovari, mara nyingi mkato unaanzia juu ya kitovu hadi chini kabisa, na inaweza kuchukua saa kadhaa. Wakati mwingine daktari anaguza hadi utumbo. Oparesheni ya uke na kinena ni ngumu zaidi, kwa sababu sehemu hiyo ina unyevu, inasuguana ukitembea, na vijidudu viko karibu. Madaktari wenyewe wanajua vidonda vya hapo hufunguka mara nyingi.

WHO walipotoa mwongozo wao wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji mwaka wa 2016, walisema kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, asilimia 11 ya wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Hiyo ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10. Mwongozo huo unazungumzia usafi wa mikono, dawa na vifaa. Unasema mgonjwa aoge kabla ya oparesheni na asinyolewe kwa wembe. Na ndani yake kuna pendekezo kuhusu lishe: mgonjwa mwenye uzito mdogo anayeenda kwa upasuaji mkubwa afikiriwe kupewa vyakula maalum vilivyoongezwa virutubisho. Kwa hivyo si mimi nimeamka na teori yangu.

Anti yangu, dada mdogo wa mamangu, alifanyiwa oparesheni ya kansa ya mji wa mimba mwaka juzi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuwa kilo 68 watu walipoanza kumuuliza kama anajinyima. Siku ya oparesheni alikuwa 59. Ukipiga hesabu, amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya mwili wake kwa miezi isiyofika sita. Uzito uliandikwa kwenye faili, ikaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza anakula nini. Siku ya tisa, akiwa ashafika nyumbani, kidonda kilianza kutoa maji, halafu usaha, halafu kikafunguka sehemu ya urefu wa kidole. Alibadilishiwa bandeji kwa wiki saba. Tarehe yake ya mionzi ilisogezwa mbele, kwa sababu huwezi kuanza mionzi juu ya kidonda kilicho wazi.

Sisemi kidonda kilifunguka kwa sababu ya chakula pekee. Hakuna mtu anaweza kusema hivyo kuhusu mgonjwa mmoja. Maambukizi yana sababu nyingi: urefu wa oparesheni, sukari ya damu ikiwa juu, sigara, upungufu wa damu, usafi. Nasema hivi: kati ya hizo zote, chakula ni moja ambayo familia ya Kitengela inaweza kuishughulikia kabla ya siku kufika. Na ndio ile tunayoiruka.

Usisahau pia gharama halisi ya kidonda kuoza. Si bandeji tu. Ni nauli ya matatu kutoka Kajiado hadi Nairobi kila siku ya kliniki, na mtu anashikilia tumbo kila tuta la Namanga Road. Ni dawa kali za antibayotiki. Na kubwa kuliko yote, ni muda. Kansa haingoji kidonda kipone ndio iendelee.

Kuna kitu kingine kinachotudanganya, nacho ni macho. Tunaangalia mtu tunasema "huyu ako sawa, hata amenona". Kansa ya ovari mara nyingi hujaza tumbo maji. Mgonjwa akipanda mizani, kilo ziko palepale au zimeongezeka, kumbe mikono na mapaja yameisha na kinachopimwa ni maji. Mwangalie mabegani. Mwangalie kama pete inamtoka kidoleni.

Upande wa pili ni kansa ya mji wa mimba, ambayo huwapata zaidi wanawake wenye uzito mkubwa. Hapo watu wanasema "huyu hahitaji kula, apunguze kwanza". Hapana. Mtu anaweza kuwa mnene na awe na upungufu wa protini na damu. Unene unaongeza hatari ya kidonda kuambukizwa kwa sababu mafuta hayapati damu ya kutosha, na mara nyingi sukari inakuja naye. Lakini kumnyima mama chakula wiki mbili kabla ya oparesheni hakumpunguzii hiyo hatari. Kunamwondolea misuli.

Sasa kuna kitu kinaniuma kama mtoto wa hii kaunti. Sisi ni watu wa nyama. Watu wanatoka Nairobi wikendi kuja kula choma kwetu. Ilbisil kuna soko la mifugo linalojulikana kote. Kenya Meat Commission iko hapo tu Athi River, ng'ambo ya mpaka. Halafu katika kaunti hiyo hiyo, mwanamke anaingia oparesheni akiwa amekula ugali na sukuma mwezi mzima. Ukame wa kuanzia 2020 hadi mwanzo wa 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya, na maboma mengi ya Kajiado hayajarudi walipokuwa. Maziwa yaliyokuwa ya bure nyumbani sasa yananunuliwa kwa pakiti.

Na si kwamba wazee wetu hawakujua hii maneno. Kwa Wamaasai, mwanamke akijifungua, kondoo anachinjwa, na mama anapewa supu na mafuta. Kuna olpul, ambapo watu wanakaa msituni wakila nyama na kunywa supu ya mizizi, na hata mgonjwa alipelekwa huko apate nguvu. Sikuambii umpeleke mgonjwa wa kansa msituni. Nakuambia wazo la kwamba mwili uliokatwa lazima ulishwe si la wazungu. Koko wako analijua. Limepotea tu tulipohamia ploti na kuanza kununua unga kwa kipimo.

Pahali pake tumeweka nini? Video. Manze, hapa naongea na nyinyi wenzangu wenye followa. Kuna mtu anarekodi anasema sukari inalisha kansa, kwa hivyo mgonjwa aache wanga wote. Mwingine anasema aache nyama, maziwa na mayai, anywe juisi ya bitiruti na majani siku 21 "kusafisha mwili". Mwingine anasema mayai yanaleta usaha kwenye kidonda. Seli zote za mwili hutumia sukari, zile za kansa na zile zinazofunga kidonda. Mgonjwa akiacha kula, kansa haifi njaa kabla yake. Itachukua kutoka kwa misuli yake. Na usaha unaletwa na vijidudu, si yai. Bitiruti haina shida ikiwa kando ya sahani. Ikiwa ndiyo sahani yote, umemfungia mtu chakula wiki tatu kabla ya kumpasua.

Kama una followa 500 ama elfu 50, kabla uposti kitu cha "dayeti ya kansa", jiulize kama uko tayari kubadilisha hiyo bandeji kila asubuhi.

Najua mtanijibu nini. La kwanza: "hiyo ni kazi ya hospitali." Ndiyo, ni yao. Mgonjwa wa kansa anafaa kupimwa uzito, kuulizwa amepoteza kilo ngapi, na kuonwa na mtaalamu wa lishe kabla ya tarehe. ESPEN, chama cha Ulaya cha lishe ya wagonjwa, kinashauri mtu mwenye utapiamlo mkali apewe lishe maalum kwa siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama ni upasuaji wa kansa na itabidi usogezwe. Uamuzi wa kusogeza ni wa daktari, usije ukaahirisha mwenyewe eti umeambiwa na mimi. Lakini ukweli wetu ni kwamba mara nyingi mtu anangoja wiki au miezi kabla ya tarehe kufika. Huo muda uko. Tunautumia kungoja tu, na ungeweza kuwa wa kumjenga.

La pili: "hatuna doo." Hii naiheshimu. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ina kifurushi cha kansa, lakini haitamlipa mama mboga. Hebu tupige hesabu lakini. Miongozo mingi inasema mgonjwa wa aina hii anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Chai na slesi mbili asubuhi, ugali na sukuma mchana, wali na supu ya viazi jioni: hiyo haifiki nusu.

Sasa badilisha kidogo. Asubuhi mayai mawili na kikombe cha maziwa, gramu 20 hivi. Saa nne, njugu za kujaza kiganja, gramu 7. Mchana, ugali na kikombe kizima cha maharagwe au ndengu, gramu 23 hivi. Saa kumi, kikombe cha maziwa lala, gramu 8. Jioni, wali na kipande cha nyama cha gramu 100, karibu gramu 29. Umepita 80. Siku nyama haiko, weka omena, ambayo ikiwa kavu ina protini nyingi kuliko nyama kwa uzito ule ule. Ongeza sukuma na chungwa kando. Hakuna unga wa bei wa kutoka ng'ambo hapo. Ni vitu vya kibanda na duka la mtaa.

Na ukiweka hiyo yote ya wiki nne kando ya bili ya kurudi hospitalini na kidonda kimefunguka, chakula ndicho cha bei rahisi. Kumi na watano kati ya wale watu 200 wa grupu wakiwekewa zamu, kila mmoja siku mbili, mwezi umeisha. Si lazima kila mtu atume pesa. Mwingine atatuma trei ya mayai.

La tatu: "mgonjwa mwenyewe hataki kula." Kweli, na hii ndiyo ngumu. Kansa inakata hamu. Kuna kichefuchefu, kuna maumivu, kuna woga. Usimlazimishe sahani ya mtu wa mjengo. Mpe kidogo kila saa mbili au tatu. Tia maziwa na siagi ya njugu kwenye uji wa wimbi. Anayetapika kila kitu, ambaye tumbo limefura na hapati choo, huyo si wa ushauri wa mitandaoni, mpeleke hospitali siku hiyo. Na mwenye shida ya figo au sukari lazima hesabu yake ifanywe na mtaalamu, si mimi.

Basi ukiwa ndiye unampeleka mathe kliniki, usikae tu kwa benchi ukiskroli. Uliza maswali haya. Mama amepimwa uzito leo, na amepungua ngapi kwa miezi sita? Damu yake iko ngapi, na kama iko chini itarekebishwa vipi kabla ya tarehe? Sukari imepimwa? Albumini je? Hiyo ni protini ya damu, na tafiti nyingi zimeonyesha wenye chini ya gramu 35 kwa lita hupata matatizo zaidi baada ya upasuaji. Hushuka pia kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, kwa hivyo si kipimo cha chakula peke yake, lakini ikishuka inafaa mtu ashtuke. Na mwisho: tunaweza kumuona mtaalamu wa lishe leo?

Uliza pia kuhusu kufunga. Wengi huambiwa wasile kuanzia jioni, oparesheni inapangwa saa nne, inasukumwa hadi saa nane, halafu inaahirishwa hadi kesho na kufunga kunaanza upya. Miongozo ya sasa kwa wagonjwa wengi inasema chakula kizito kikome saa 6 kabla, na maji yakubaliwe hadi saa 2 kabla. Usimpe chochote kwa siri, fuata utakaloambiwa na daktari wa dawa ya usingizi. Lakini una haki ya kuuliza, na ikiahirishwa, una haki ya kuomba mama ale saa hiyo hiyo. Baada ya oparesheni vilevile, wengi wanaweza kuanza kula ndani ya saa 24. Uliza lini, na uje na chakula cha maana, si soda na biskuti.

Akirudi nyumbani, kagua kidonda kila siku kwa siku 30. Kikiwa chekundu na moto, kikivimba, kikinuka, kikitoa usaha, au mama akishikwa na homa, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Usipake majivu, asali wala dawa ya meno. Rudi hospitali.

Kwa kaunti yangu ya Kajiado nina ombi moja ambalo halihitaji jengo jipya la kukatiwa utepe: hakuna mwanamke kutoka hapa apewe barua ya kwenda Nairobi kwa oparesheni ya kansa kabla hajapimwa uzito na kuonwa na mtu wa lishe hapa hapa, Kitengela au Kajiado mjini. Mizani tunayo. Huo muda wa kungoja tarehe ya Nairobi ndio muda wa kumlisha.

Na kwako wewe unayeshika simu sasa hivi: kama kuna mgonjwa kwa grupu yenu anangoja tarehe, andika leo jioni nani analeta nini na siku gani. Halafu rudi hapa uniambie kwa komenti, mama anapenda mayai ya kuchemsha ama ya kukaanga?